Kidonge cha Gunia na Pumzi za Wanetu



Wiki iliyopita, baada ya darsa ya akina mama, alitujia dada mmoja na swali alilodhani kuwa ni dogo. "Maalim," alisema, "mahindi yaliyotiwa kidonge cha kuua fukusi yafaa kuliwa?" Tukamuuliza kidonge chenyewe kiko wapi. Akajibu kwamba mumewe amenunua viwili dukani, vimefungwa kwa kipande cha gazeti, navyo viko juu ya kabati katika chumba wanacholala na watoto watatu. Usiku ule vingetiwa ndani ya gunia lililo kando ya kitanda. Swali la kula tukaliweka kando. Tulimwambia apige simu nyumbani saa ile ile, watoto watolewe na madirisha yafunguliwe. Twamshukuru Mola, waliwahi.

Twaliandika jambo hili kwa kuwa twajua nyumba ile haiko peke yake.

Mama zetu wa pwani wajua kufukiza kuliko watu wengi. Nguo hutandazwa juu ya chetezo, udi ukaungua polepole, na harufu ikaingia katika kila uzi. Wenye maghala nao husema wanafukiza nafaka, na huenda neno hili moja ndilo linalowafanya wengine wakione kidonge kuwa ni udi wa gunia. Kumbe baina ya viwili hivi pana umbali wa uhai na mauti.

Kidonge hicho mara nyingi ni alumini fosfaidi. Kikikutana na unyevu wa hewa, hutoa gesi iitwayo fosfini. Kidonge cha gramu 3 hutoa takriban gramu 1 ya gesi hiyo. Mdudu hana mapafu. Hupumua kwa matundu madogo yaliyo ubavuni mwake, na humo ndimo gesi hupenya. Ikifika ndani ya seli, huvuruga pale mwili unapoitumia oksijeni kupata nguvu, na mdudu hufa. Sasa tuzingatie: mahali pale ndani ya seli, alipo napo fukusi, anapo pia mtoto wetu. Gesi haijui kubagua. Hupita katika nyuzi za gunia, hupita chini ya mlango, huingia chumba cha jirani. Pengine hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini haifai kuitegemea harufu, kwani mtu aweza kudhurika kabla ya kuinusa. Wala hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hii mwilini. Madaktari husaidia tu mwili ustahimili.

Zaidi ya hayo, nyumbani kidonge hakitimizi hata kazi yake. Katika ghala, nafaka hufunikwa kwa turubai lisilopitisha hewa na kuachwa siku nyingi, kwa sababu mayai na buu waliojificha ndani ya punje hustahimili kuliko mdudu mzima. Gunia la kawaida huivujisha gesi mapema. Dhaifu hufa, wenye nguvu hubaki na kuzaana, na kizazi kinachofuata hakijali tena. Usugu wa namna hiyo umeshaonekana katika nchi nyingi.

Hatuwalaumu wanaotafuta dawa. Fukusi twamjua tangu zamani, lakini dumuzi, aliyetoka Amerika ya Kati akaingia Tanzania na kufika Taveta mwanzoni mwa miaka ya 1980, aweza kuyageuza mahindi kuwa vumbi kwa miezi michache. Baba aliyenunua chakula cha watoto kwa jasho lake, akakikuta unga wa wadudu, hana budi kutafuta la kufanya.

Wengine watauliza: je, mafuta ya miti? Karafuu ya Pemba, mchaichai wa uani, mkaratusi? Ni kweli kwamba mvuke wa mafuta haya huua wadudu. Yujenoli, iliyo ndani ya karafuu, huvuruga oktopamini, mjumbe wa mishipa ya fahamu ambaye mdudu humtegemea sana, ilhali mwili wa binadamu haumtegemei hivyo. Hapo ipo tofauti kubwa na fosfini. Ila mvuke wake hupaa upesi, haufiki katikati ya gunia, na huacha harufu katika chakula. Wafaa kusaidia kwenye kopo dogo, si kwenye gunia. Na isidhaniwe kwamba kila kitokacho mtini ni salama: mafuta ya karafuu au ya mkaratusi, mtoto akiyanywa hata kidogo, yaweza kumletea degedege. Yawekwe mbali naye.

Basi tufanye nini? Kwanza, tukaushe. Chukueni chupa ya kioo iliyo kavu, tieni mahindi kiasi na kijiko cha chumvi kavu, mtikise, kisha mwache kwa robo saa. Chumvi ikishika kioo, mahindi bado ni mabichi. Yarudi juani juu ya turubai. Pili, tuyanyime hewa. Mifuko ya kuhifadhia yenye nailoni mbili ndani, au pipa safi lililojazwa hadi juu na kufungwa barabara, huwafanya wadudu waimalize oksijeni iliyomo na kufa wenyewe bila sumu. Tatu, kunde zipakwe mafuta ya kupikia, kijiko kimoja cha chai kwa kilo moja. Mafuta hayo huyaziba mayai yasipate hewa. Nne, mchele mchache uingie kwenye friza kwa muda wa wiki moja kabla ya kuwekwa kabatini.

Na ikiwa kidonge kimeshaingia nyumbani, watu watoke wote kwanza. Kisimwagiwe maji, kwani maji huiharakisha gesi na huweza kuwasha moto. Aitwe afisa wa kilimo au mtu mwenye ujuzi akiondoe. Anayetapika, anayebanwa kifua au kuhisi kizunguzungu apelekwe hospitali upesi, na daktari aambiwe wazi ni dawa gani.

Tulimrudia dada yetu na jibu la swali lake. Nafaka iliyofukizwa ghalani na wenye ujuzi, kisha ikapunga hewa kwa muda uliowekwa, yafaa kuliwa. Kukitia kidonge pale walalapo watu hakufai, kwa sababu kuepusha madhara ni katika misingi ya dini yetu, na nafsi huhifadhiwa kabla ya mali. Nabii Yusuf, alayhis salaam, alipowafundisha watu kuweka akiba ya miaka ya njaa, aliwaelekeza waiache nafaka ndani ya mashuke yake. Akiba ile iliwekwa ili watu waishi.

Mwenyezi Mungu atubarikie vyakula vyetu na atuhifadhie wanetu. Amin.