Hivi mpaka mbunge afe?

Wadau, kuna swali linanikera kila nikishuka basi Kasulu. Sisi watu wa milima ya Kigoma huwa tunakumbukwa lini?

Mei 16, 2021 tulikumbukwa. Muhambwe, yaani Kibondo, walipiga kura kwa sababu mbunge wao, Atashasta Nditiye, alikuwa amefariki. Siku hiyo hiyo Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu, walimtafuta mrithi wa Dk. Philip Mpango aliyekuwa Makamu wa Rais. Kabla ya hapo, Agosti 2018, Buyungu walirudi kwenye masanduku baada ya kifo cha Kasuku Bilago.

Kwa hiyo ili tuombwe kura kabla ya miaka 5 kuisha, lazima mtu afe au apande cheo!

Majirani zetu Kenya walikuwa na dawa. Katiba yao ya 1963 iliweka Seneti ya viti 41, muhula wa miaka 6, theluthi moja ya viti ikigombewa kila baada ya miaka 2. Wakaiua 1966. Katiba ya 2010 ikaifufua, lakini bila ile zamu: maseneta wanachaguliwa siku moja na wabunge.

Mimi nataka Tanzania iwe na baraza la pili, tena la zamu. Mtasema gharama. Kwani chaguzi ndogo ni za bure?

Wagombea watujie kwa kalenda, tusisubiri msiba. Au nakosea, wadau?