Kona ya Walimu: Kikombe cha Ijumaa

Sisi walimu wa kujitolea, kila Ijumaa tunachanganya kinywaji chetu ofisini: karkade ya Sudan Kusini, tangawizi wanayopenda Wakongo, na maji ya maembe ya Arua. Karibu na Koboko nchi tatu zinakutana. Kwenye kikombe chetu pia.

Mwezi uliopita mwenzetu aliyekuwa anatuchemshia karkade alirudi kwao. Ijumaa mbili tulisahihisha madaftari kimya. Ya tatu, rafiki yetu wa zamani akafika kutoka Koboko na tangawizi mfukoni: “Jamani, sufuria iko wapi?” Tukacheka, tukachemsha. Kikombe cha aliyeondoka tukampa yeye.

Ndugu msomaji, anayeondoka umwage kwa heri, lakini sufuria usiifunike. Tukutane mwezi ujao.