Eneo na Mzingo: Istilahi kama Nyenzo ya Kufundishia Hisabati

Mjadala kuhusu Kiswahili na hisabati umeelemea mno upande wa uhaba wa istilahi. Tatizo lililo kubwa zaidi ni kwamba istilahi zilizopo hazitumiwi ipasavyo. Somo la kutafuta eneo la maumbo ambatano linalithibitisha jambo hili.

Tuchukue mfano wa sakafu ya nyumba. Sakafu hiyo ni mstatili wenye urefu wa meta 12 na upana wa meta 8, ila kona yake moja imekatwa: meta 4 upande wa urefu na meta 3 upande wa upana. Mwanafunzi anaweza kuligawa umbo hilo katika sehemu mbili: mraba wa meta 8 kwa 8, yaani meta za mraba 64, na mstatili wa meta 4 kwa 5, yaani meta za mraba 20. Jumla ni 84. Anaweza pia kuanza na mstatili mzima wa meta za mraba 96, kisha akatoa 12 za kona. Jibu ni lilelile.

Mzingo, hata hivyo, una tabia nyingine. Kabla ya kona kukatwa ulikuwa meta 40. Baada ya kukatwa ni meta 40 vilevile. Wanafunzi wengi hukosea hapa kwa sababu wamekariri kanuni mbili bila kutambua kwamba zinapima vitu viwili tofauti.

Tofauti hiyo imo ndani ya maneno yenyewe. Nomino *eneo* imenyambuliwa kutokana na kitenzi *enea*, na *mzingo* kutokana na *zinga*. Eneo ni kiasi cha uso ambao umbo limeuenea. Mzingo ni urefu wa njia inayolizunguka. Vipande vya uso vikiunganishwa, maeneo yake hujumlishwa. Mizingo haijumlishwi hivyo, kwani upande unaogusana huzama ndani ya umbo wala hauzungukwi tena.

Ni kweli kwamba *eneo* lina maana nyingine ya mahali, na mtoto aliyezoea kusikia "eneo la soko" huweza kutatizika. Dawa yake si kulikimbia neno, bali kulifafanua. Vivyo hivyo, *ambatano* ni istilahi ambayo mwanafunzi huikuta katika sarufi: sentensi ambatano huchanganuliwa kwa kutenga vishazi vyake. Mwalimu wa Hisabati na mwalimu wa Kiswahili wanafundisha mbinu moja pasipo kujuana.

Nchini Tanzania, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali kwa jumla tangu 1967, ilhali sekondari hutumia Kiingereza. Mwanafunzi akivuka daraja hilo huliacha neno linalojieleza na kupokea neno ambalo kwake halina mzizi. Ikiwa hakufunuliwa maana ya *enea* alipokuwa darasa la sita, atakachovuka nacho ni kanuni tupu.

Basi vitabu vya Hisabati vianze somo hili kwa kuichambua istilahi kabla ya kutoa kanuni, na wanaisimu washirikishwe katika kuviandaa. Orodha za istilahi hazitoshi. Istilahi isiyofafanuliwa darasani ni sawa na ufunguo uliotundikwa ukutani huku mlango umefungwa.