Plaiwudi Haiponyi Sakafu Mbovu



Katika mkutano uliopita wenzetu wengine walisema hivi: mahindi yakishauzwa, tukodi gari pamoja, tufuate plaiwudi Mafinga, kila mwenye nyumba ya saruji atandike chumbani. Hoja si mbaya. Baridi ya hapa Kalenga tunaijua sote. Juni na Julai saruji inauma miguu, na watoto wengi wanalala chini. Misindano ya Sao Hill iko hapo Mufindi, viwanda viko. Kwa nini mkulima wa Iringa aendelee kukanyaga baridi?

Lakini napinga jambo moja: kutandika kwa pupa bila kuitazama sakafu ya chini. Mwenzenu nilishatangulia, nikaumia. Nilitandika juu ya saruji yenye nyufa na mabonde, eti plaiwudi itaficha aibu. Wageni wakasifu. Mvua za Machi zilipokolea, chumba kikaanza kunuka uvundo. Plaiwudi ikavimba, ikainuka katikati, ikawa inalia kila ukikanyaga. Kuifungua, kumbe chini ni ukungu mtupu, na mchwa wamekwisha pita kwenye ufa! Fedha ya mahindi ya msimu mzima ikaishia jikoni, kuni. Kiwanda hakina kosa, wala fundi. Fundi aliniuliza kama sakafu ni kavu, nikamjibu, "We piga tu."

Ndugu zangu, maji ya ardhini hupanda ndani ya zege kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Sakafu ikiwa wazi, unyevu hutoka hewani polepole, huuoni. Ukiifunika, unahamia kwenye mbao. Na zile siku 28 tunazohesabu ni za zege kukomaa, siyo kukauka. Jamvi la inchi 4 laweza kuchukua miezi kadhaa.

Kupima si kazi. Chukua kipande cha nailoni, nusu mita kila upande, kibandike sakafuni, uzibe kingo zote kwa utepe. Kiache siku mbili tatu. Ukikuta matone chini yake, au saruji imekuwa nyeusi, usitandike. Pima wakati wa mvua, maana Septemba kila sakafu ni kavu!

Ikiwa kavu, ziba nyufa, sawazisha mabonde kwa pima maji, fagia, tandaza nailoni nzito nyumba nzima, ipande kidogo ukutani. Hapo ndipo uweke plaiwudi. Maungio yapishane kama matofali. Acha nafasi ya milimita 3 kati ya ubao na ubao, na milimita 10 ukutani, kwa sababu mbao hutanuka. Kwenye fremu ya mbao tumia skrubu, siyo misumari. Msumari hulegea, ndipo sakafu inapoanza kulia. Kwenye zege usitoboe ovyo, utaitoboa na nailoni yako.

Na sisi wenye sakafu ya udongo? Tusidanganyane, plaiwudi juu ya udongo ni chakula cha mchwa. Fedha hiyo ianze na mawe, changarawe, nailoni na zege. Mkeka juu ya zege kavu una joto kuliko plaiwudi iliyooza.

Kwa hiyo napendekeza: kabla ya kukodi gari la Mafinga, ushirika ununue roli moja la nailoni na pima maji moja, viazimwe nyumba kwa nyumba. Anayepita kipimo aandikwe kwenye orodha ya plaiwudi. Asiyepita asione haya, aandikwe kwenye orodha ya saruji. Wote ni wanachama, wote wana watoto.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliufunika ufa, sasa najenga sakafu upya. Mwenye hoja tofauti aje nayo mkutanoni, tubishane kiungwana.

Tuanze chini, ndugu!

Mwanachama mwenzenu