Pedi za Breki Zisichaguliwe na Mhasibu Peke Yake



Katika karakana nyingi desturi imekuwa moja. Pedi za breki zikiisha, makanika huandika ombi, mhasibu hutafuta bei ya chini kuliko zote, na dereva hukabidhiwa gari na kuambiwa aende safari. Mwenye kalamu ndiye achaguaye. Mwenye mguu juu ya breki haulizwi. Maoni yetu ni kwamba desturi hii haifai, na chama hakina budi kuipinga kila mkataba wa pamoja unapojadiliwa.

Tuchukue mfano wa Land Cruiser pikapu, gari linalojulikana pembe zote za Uganda. Likiwa na mzigo na watu, uzito wake hufika tani 3. Katika barabara ya Kabale hadi Kisoro, au ile ya kutoka Fort Portal inayoteremka kwenda Bundibugyo, gari hili hushuka mamia ya mita. Kwa kila mita 500 za kimo linazoteremka, nguvu inayopaswa kuzuiwa ni sawa na moto wa kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji. Injini ikiwa katika gia ndogo huchukua sehemu yake, na upepo nao kidogo. Iliyobaki yote huingia katika breki.

Hapo ndipo pedi duni hujulikana. Ikishapata moto kupita kiasi huteleza tu juu ya diski. Dereva hukanyaga kwa nguvu zake zote na gari halishiki. Mafuta ya breki yaliyokaa muda mrefu huwa yamenyonya unyevu wa hewa, nayo huchemka na kutoa mapovu, pedali ikazama hadi chini. Kisha taarifa huandikwa kwamba dereva alishindwa kulimudu gari, na ni yeye anayepelekwa mahakamani, kama bado yu hai. Mhasibu haitwi kutoa ushahidi.

Wenye magari hutujibu kwamba vipuri vya kampuni iliyounda gari ni ghali. Tuitazame hoja yao kwa haki. Ni kweli ni ghali, na si kila pedi ya kiwanda kingine ni mbaya. Isitoshe, hata boksi lenye jina kubwa si ushahidi, kwa kuwa maboksi huigwa. Kwa hiyo sisi hatudai jina, twadai kipimo.

Pedi nyingi za kuaminika huchapwa herufi mbili pamoja na namba za kiwanda. Herufi ya kwanza yaonyesha jinsi pedi inavyoshika katika joto la kawaida, na ya pili inavyoshika katika moto mkali. E ni mshiko hafifu, F ni wa kadiri, G ni mkubwa zaidi. Pedi yenye FE hushika vizuri mwanzo wa mteremko na kulegea katikati yake, yaani pale hasa dereva anapoihitaji. Ipo pia alama ya E ndani ya duara pamoja na 90R. Hiyo ni ya kanuni ya Ulaya inayotaka pedi mbadala isitofautiane na ile ya asili kwa zaidi ya asilimia 15 katika majaribio. Alama hizi hazimalizi kila kitu, lakini pedi isiyo na alama yoyote haina haki ya kufungwa katika gari linalobeba watu.

Kwa gari la matope na milima, pedi zilizochanganywa na nyuzi za chuma huvumilia moto kuliko zile laini, ingawa hula diski upesi zaidi. Diski zilizotobolewa matundu tuwaachie wenye magari ya mashindano, kwa maana matundu hushika matope na nyufa huanzia hapo. Diski ya kawaida yenye njia za hewa katikati yatosha. Unene wake wa chini kabisa huchapwa juu ya diski yenyewe. Ikipungua chini ya hapo, hata kwa kuchongwa kwenye leithi, itupwe. Tena kazi ifanyike kulia na kushoto pamoja, na mafuta ya breki yabadilishwe walau kila miaka 2.

Liko jambo jingine, nalo lawahusu makanika. Zamani pedi na lainingi zilitengenezwa kwa asbesto. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2005, lakini si kila nchi imefanya hivyo, na boksi lisilo na maelezo halimwambii fundi anapumua nini. Vumbi la asbesto huleta saratani inayoweza kujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye, wakati mwajiri amekwisha kusahau jina la mgonjwa. Mkataba namba 162 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1986, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, wataka asbesto iondolewe na kuwekwa kitu kingine kila inapowezekana. Basi vumbi la breki lisipulizwe kwa kompresa, bali lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Na nani alipe? Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 wasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi kitu, na tena anayejiondoa katika hatari kubwa iliyo karibu, kwa sababu za haki, asiadhibiwe. Mwaka 2022 mkataba huo uliwekwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya Shirika hilo. Kumkata dereva mshahara kwa kuwa amemaliza breki ni kumlipisha mlima ambao hakuujenga yeye.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne yaandikwe katika kila mkataba wa pamoja:

1. Pedi na diski zisinunuliwe bila saini ya makanika aliyezikagua.

2. Boksi litamke wazi kwamba halina asbesto.

3. Dereva anayekataa gari lenye breki mbovu, na akaandika sababu, asifukuzwe wala kukatwa mshahara.

4. Gharama zote za breki ziwe za mwenye gari.

Mwenye gari anayehesabu kwa kilomita badala ya kuhesabu kwa boksi ataona kwamba hapati hasara. Pedi rahisi inayokwisha haraka na kuharibu diski si rahisi tena, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini sisi hatupiganii faida yake. Twapigania dereva afike Kisoro, na arudi nyumbani.

Umoja ni nguvu.