Kabla ya sindano ya uso, tuulize kidonda kiko wapi



Huenda ukashangaa kuona padre anaandika habari za ngozi siku ya Dominika. Lakini fungua kitabu cha Walawi, sura ya 13 na 14, utaona kwamba makuhani wa Agano la Kale walikuwa wakaguzi wa ngozi. Mtu mwenye baka au uvimbe alipelekwa kwa kuhani, naye alimtazama, akasubiri siku saba, akamtazama tena, ndipo akatoa hukumu. Aliyeonekana najisi alikwenda kukaa nje ya kambi. Tangu zamani, basi, ngozi ilihusu pia nani akae na wenzake na nani akae pembeni. Kwa sababu hiyo nimeona leo tuzungumzie tiba ya uso ambayo vijana wetu wanaiona kila siku kwenye simu zao, na ambayo baadhi yao wameanza kuiwekea akiba.

Tiba hiyo huitwa maikronidlingi ya mawimbi ya redio. Mashine yenye kichwa cha sindano nyembamba sana hubonyezwa usoni. Sindano hizo hupenya ngozi kwa kina kidogo, kisha hupeleka nguvu ya mawimbi ya redio inayopasha joto tabaka la ndani. Mwili ukiona umejeruhiwa, huanza kujenga upya kolajeni, yaani ile protini inayoipa ngozi uimara wake. Kwa maneno mengine, tiba hii hujeruhi ili mwili ujiponye. Mkulima wa kahawa kule Mbinga analielewa jambo hili bila kufundishwa: mkahawa uliozeeka hukatwa ili uchipue upya. Ila anajua pia kwamba panga la asiyejua pa kukata huua shamba.

Tuanze na faida, maana si haki kukihukumu kitu kabla ya kukisikiliza. Tiba hii imesaidia watu wenye makovu ya chunusi, yale mashimo yanayobaki mashavuni baada ya ugonjwa kupona. Husaidia pia kukaza ngozi iliyolegea na kupunguza mikunjo. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi ina nafuu nyingine. Baadhi ya mashine za leza huvutwa na rangi ya ngozi, hivyo zinaweza kuacha mabaka kwa mtu mweusi. Joto la mawimbi ya redio halitafuti rangi. Hatari ya mabaka inapungua, ingawa haiishi kabisa.

Binti mmoja aliwahi kuniuliza baada ya Misa: "Padre, nikitibu uso wangu natenda dhambi?" Mashavu yake yalikuwa na makovu ya chunusi za tangu shuleni. Nikamwuliza anatafuta nini. Akasema anatamani siku moja mtu aongee naye akimtazama machoni, si mashavuni. Msomaji wangu, hayo si majivuno. Hiyo ni kiu ya mwanadamu ya kutazamwa kama mtu, na Kanisa haliwezi kuiita dhambi.

Tena mafundisho yetu yako wazi. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatuagiza kumheshimu daktari kwa kuwa ni Mungu aliyemweka. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku chache tu kabla ya kufariki dunia, Papa Pio XII alizungumza na madaktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile nchini Italia. Aliwafundisha kwamba uzuri wa mwili ni jambo jema, lakini si jema lililo kuu. Kuutengeneza mwili kunaweza kuwa halali au haramu, kutegemea nia ya mtu, njia inayotumika na madhara yake. Katekisimu nayo, namba 2288 na 2289, inatutaka tuutunze mwili kama zawadi, kisha inatuonya tusiugeuze kuwa mungu wa kuabudiwa. Mizani tunayo, basi. Ina mambo matatu: nia, njia na madhara.

Tuyatazame madhara. Wekundu, uvimbe na ngozi kukauka kwa siku chache ni mambo ya kawaida baada ya tiba hii. Lakini mwezi Oktoba 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitoa tahadhari kwamba imepokea taarifa za watu waliopata makubwa zaidi: kuungua, makovu, kupotea kwa mafuta yaliyo chini ya ngozi, kuharibika sura na kuumia mishipa ya fahamu. Wengine walihitaji upasuaji ili kurekebishwa. Mamlaka hiyo ilisisitiza kwamba hii ni tiba ya kitabibu, si huduma ya kawaida ya urembo, wala haifai kufanywa nyumbani. Mtu anayeota makovu makubwa yanayovimba baada ya jeraha dogo, na hapa kwetu wapo wengi, anapaswa kuwa na hofu nayo. Vivyo hivyo mjamzito, mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, na mwenye maambukizi ya ngozi.

Tuitazame njia. Sindano ni sindano, hata ikipambwa na picha nzuri na muziki laini. Mwaka 2018, mjini Albuquerque nchini Marekani, spa moja isiyo na leseni ilifungwa baada ya mteja wake kugundulika ana virusi vya UKIMWI. Alikuwa amefanyiwa huduma ya kuchomwa sindano ndogondogo usoni pamoja na kupakwa damu yake mwenyewe. Uchunguzi ulionyesha wateja wengine pia walikuwa wameambukizwa katika spa hiyo hiyo. Huduma ile haikuwa na mawimbi ya redio, lakini funzo ni lile lile. Kama jambo hili limetokea katika nchi yenye wakaguzi wengi, wewe unayeitwa chumba cha nyuma cha saluni kwa bei ya punguzo ujiulize mara mbili.

Kwa hiyo ukiamua kwenda, uliza bila aibu. Anayeshika mashine ni daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika? Kituo chake kimesajiliwa? Mashine inatambuliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA)? Sindano ni mpya na zinafunguliwa mbele yako? Daktari wa kweli hakasiriki akiulizwa. Anayekasirika amekwisha kukujibu.

Na gharama ni sehemu ya madhara. Mara moja haitoshi. Kwa kawaida hurudiwa mara tatu au zaidi, kwa nafasi ya wiki kadhaa, na matokeo huonekana polepole kwa miezi. Kwa mtu wa Songea mara nyingi hiyo ni safari baada ya safari ya Dar es Salaam, awe amekesha ndani ya basi au amepanda ndege hapa Ruhuwiko. Sikatazi mtu kutumia jasho lake. Ila magunia ya mahindi yakiuzwa, na ada ya mdogo wako ikiwa bado, na bima ya afya ya mama ikiwa imekwisha, basi uso unaong'aa utakuwa umelipiwa na watu ambao hawakuulizwa.

Nakuja kwenye nia, ambayo ndiyo ngumu kuliko vyote. Wengi wanaoulizia tiba hii hawana makovu. Wanataka kuwa weupe. Ieleweke basi: maikronidlingi haikuundwa kumfanya mtu mweusi awe mweupe, na anayekuahidi hivyo anakuibia. Tena mara nyingi anayeahidi hivyo ndiye anayeuza mkorogo. Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni kwa miaka mingi sasa, na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) linaendelea kuvikamata, lakini vinauzwa bado. Zebaki huharibu figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Krimu zenye steroidi kali huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikachanika na kuchelewa kupona. Ukiichoma sindano zenye joto ngozi iliyokwisha kuchoshwa hivyo, unaongeza jeraha juu ya jeraha. Kama umewahi kutumia vitu hivyo, mwambie daktari kabla hajakugusa.

Lakini nani aliwafundisha mabinti zetu kuichukia rangi waliyopewa na Mungu? Tusikimbilie kuwalaumu watu wa Marekani. Sikiliza maneno tunayosalimiana nayo nje ya kanisa: "Mbona umekuwa mweusi hivyo, ni jua au ni maisha?" Sikiliza vikao vya harusi, bibi arusi anapojadiliwa kama kitambaa sokoni. Sikiliza shangazi anayempokea mtoto mchanga na kabla hajauliza jina anafunua shuka aone masikio, ili ajue atakuwa wa rangi gani. Sikiliza wanaume wanaomsifu dada mweupe mbele ya mweusi. Kisha Dominika tunaimba pamoja kwamba tumeumbwa kwa mfano wa Mungu.

Hapo ndipo mahali pa kidonda kikubwa, na hakuna mashine inayofika hapo. Kovu la chunusi lina kina kinachopimika, na sindano inaweza kulifikia. Neno lililotupwa kwa mtoto wa miaka kumi na miwili mbele ya wenzake halina kina kinachojulikana. Ndiyo maana wapo waliotibiwa uso ukapona, na bado hawawezi kupiga picha bila kuipaka rangi kwa simu. Daktari alifanya kazi yake vizuri. Kazi iliyobaki ni yetu.

Msimamo wangu ni huu. Mwenye kovu linalomtesa, akapata daktari wa kweli, akawa na uwezo bila kuwanyima wanaomtegemea, aende kwa amani wala asitafute ruhusa ya padre. Anayesukumwa na chuki dhidi ya rangi yake, au na hofu ya kuachwa na mchumba, asubiri. Azungumze kwanza na mtu anayempenda, maana anakaribia kutibu mahali pasipouma. Na sisi wengine, kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo, WAWATA na kwaya, tukubaliane jambo moja lisilo na gharama: hatutatoa tena maoni juu ya ngozi ya mtu ambaye hakutuuliza.

Katika Injili ya Marko, sura ya 1, mtu mwenye ukoma alimpigia Yesu magoti akiomba kutakaswa. Yesu angeweza kumponya kwa neno kutoka mbali. Badala yake alinyosha mkono akamgusa, wakati ngozi ile ilikuwa bado mbaya na sheria ilikataza. Uponyaji wa ngozi ulifuata baadaye, kisha akamtuma kwa kuhani akaonyeshe kwamba sasa anaweza kurudi kwa watu. Kwa yule aliyemgusa, alikuwa amekwisha kurudi.

Wiki hii yupo mtu karibu nawe anayekaa benchi la nyuma akiinamisha uso. Mpe amani ya Kristo ukimtazama machoni.

Nakutakia Dominika njema.