Leo Siruki

Wasomaji wangu, wiki hii mwenzenu nina aibu ya kuitoa. Mwezi uliopita nilikuwa uwanja wa ndege hapa Dar, nasubiri kandege ka abiria 12 kwenda Mafia, harusi ya binamu yangu. Mara rubani katoka nje, kijana tu, katazama juu weee, halafu katuambia, "Wazee wangu, wingu lile siliwezi. Leo siruki."

Basi bwana! Mama mmoja mwenye sanduku la sare za harusi akamwita mwoga. Mimi nami, bila haya, "Kaka, mbona mwenzio kaondoka sasa hivi?" Akanijibu taratibu, "Yule kaamua lake. Hii nimekabidhiwa mimi."

Usiku nikamkumbuka John F. Kennedy mdogo, mtoto wa yule Rais wa Marekani aliyeuawa 1963. Naye alikuwa anawahi harusi ya binamu, jamani! Ijumaa, 16 Julai 1999, alichelewa kuondoka New Jersey, akaruka saa 2:38 usiku na ndege yake ndogo, kamchukua mkewe Carolyn na shemeji yake Lauren. Cheti cha kuruka kwa kutegemea vyombo hakuwa nacho. Mwalimu wake mmoja alijitolea kumsindikiza, akajibu anataka kwenda mwenyewe. Na sheria ilimruhusu! Hapo ndipo panaponitisha. Hakuna askari wa kumsimamisha. Sheria ilimwachia yeye apime.

Juu ya bahari kulikuwa na giza na ukungu. Rubani asipoona mahali maji yanapokutana na mbingu, sikio lake mwenyewe linamdanganya: ndege imelala ubavu, yeye anahisi imenyooka. Ndege ikajipinda, ikaingia baharini karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard. Wote watatu wakafa.

Angeahirisha, nani angemshukuru? Shemeji angenuna, harusini wangemtania, basi. Ajali ambayo haikutokea haina picha gazetini, ndiyo maana anayekataa kuruka huambulia matusi tu. Yetu sisi.

Kesho yake asubuhi mbingu nyeupe, rubani yuleyule. Yule mama wa masare alikuwa wa kwanza kupanda, akakaa kiti cha nyuma ya rubani kabisa, akamsogezea mfuko wa vitumbua. Mimi nilimpa shikamoo, ingawa kijana yule namzidi umri. Mafia nilikuta wanaosha masufuria.